Upande wa Kuni

Rundo la kuni la shule lilipoondolewa, ukuta wa nyuma wa jiko ulionekana kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Ulikuwa mweusi tii kuanzia msingi hadi juu ya dirisha, na katikati ya weusi ule yalisomeka majina ya watoto, yaliyokwanguliwa kwa misumari, kama makovu juu ya ngozi. Mwalimu Devotha alisimama mbele yake, mkoba kwapani, akasoma majina mawili matatu. Kisha akageuka upesi, kama mtu aliyeogopa kukutana na jina analolijua.

"Karibu tena shuleni kwako, mwalimu," alisema Erasmo, mwalimu mkuu. Alikuwa mwanafunzi wake miaka mingi iliyopita, na hata sasa alisimama mbele yake mikono ikiwa nyuma. "Mitungi ilifika jana. Minne."

Mitungi ya gesi ilipangwa kivulini, kila mmoja kimo cha mtoto wa darasa la tatu. Agizo lilikuwa limetoka kwamba taasisi kubwa ziache kupikia kuni na mkaa, na shule ile, iliyo mwendo wa saa nzima kwa miguu juu ya soko la Myamba, ilikuwa imefikiwa.

"Ijumaa tunaliwasha jiko," Erasmo aliendelea. "Wazazi wamekubaliana uliwashe wewe. Ila kwanza utufundishe lile somo lako la vyanzo vya nishati. Hakuna aliyepita hapa asiyelijua."

Devotha alitabasamu, akaitikia kwa kichwa. Heshima ni mzigo usiokataliwa mbele ya anayeutoa. Lakini njiani kurudi nyumbani miguu yake ilikuwa mizito kuliko kilima.

Somo lenyewe alilifundisha kwa miaka thelathini na mmoja, mpaka alipostaafu. Aliugawa ubao kwa mstari mmoja ulionyooka. Kushoto aliandika nishati inayojirudisha: jua, upepo, maji, kuni. Kulia aliandika ile inayokwisha: makaa ya mawe, petroli, dizeli, gesi. Kushoto ndiko kwenye wema, kulia ndiko kwenye moshi na uharibifu. Watoto waliimba orodha ile kama sala ya kabla ya chakula, kisha kengele ikalia, wakaenda kula makande yaliyopikwa kwa kuni walizobeba wao wenyewe kutoka msituni, kila mmoja mzigo wake, kila Jumatano.

Jioni ile aliketi mezani na karatasi aliandae somo. Alipiga mstari katikati. Jua likaenda kushoto, upepo kushoto. Kwenye maji alisita kidogo, akikumbuka mifereji iliyokauka, akayaandika. Kisha kalamu ikasimama. Aliitazama milima kupitia dirishani. Pale ambapo msitu ulishuka zamani hadi karibu na mashamba ya tangawizi, sasa palikuwa na vichaka na nyasi, na msitu wenyewe ulikuwa umerudi juu, kama mtu anayewarudisha nyuma watoto wake kutoka kwenye moto. Mti hurudi, ndiyo. Lakini hurudi kwa saa yake, si kwa saa ya jiko. Na hii gesi aliyowafundisha watoto kuilaani, inayotolewa ardhini na isiyorudi kamwe, ndiyo iliyokuja sasa kuupa msitu nafasi ya kupumua. Alijua nayo ina deni lake mahali fulani, huko inakochimbwa na huko juu hewani. Angewezaje kuyaweka yote hayo kwenye mstari mmoja?

Aliiweka kalamu chini. Hakuwa anaukwepa ubao. Alikuwa anamkwepa mtu aliyemuuliza swali hilohilo zamani, naye akamwadhibu.

Alikuwa Raheli, binti wa Mzee Sifael, darasa la tano, mwaka elfu moja mia tisa tisini na tisa. Mtoto mwembamba, mwenye sauti ndogo, asiyenyoosha mkono ila anapokuwa na la kusema. Siku hiyo mkaguzi alikuwa ameketi nyuma ya darasa. Devotha, kijana bado, na mwenye tamaa ya kupanda cheo, alikuwa amemaliza orodha yake Raheli aliposimama.

"Mwalimu, chemchemi ya kwetu imekauka. Baba anasema ni kwa sababu ya kukata miti. Kama kuni zinajirudisha, mbona maji hayajarudi?"

Darasa lilicheka. Mkaguzi naye alitabasamu, na tabasamu lile ndilo lililomchoma Devotha. Mkaguzi alipoondoka, alimwita Raheli mbele.

"Kwa kuwa unaijua sana miti," alimwambia, "kesho ulete mizigo miwili."

Ulikuwa msimu wa vuli. Kuni za karibu zilikwisha kuokotwa, ikabidi mtoto avuke korongo. Ardhi iliyolowa ikamteremsha. Walimpata jioni, mguu wa kulia umevunjika juu ya goti, wakambeba kwa machela hadi barabarani, na kutoka hapo hadi hospitali. Mguu uliunga vibaya, ukawa mfupi. Raheli hakurudi shuleni.

Mwalimu mkuu wa wakati ule, ambaye sasa ni marehemu, aliandika taarifa: mwanafunzi aliteleza akicheza korongoni baada ya masomo. Aliisukuma karatasi upande wa Devotha. "Weka sahihi, mwalimu. Tukiandika adhabu, utafukuzwa, na mtoto hatapata mguu mwingine." Devotha aliweka sahihi. Baadaye alimpelekea mgonjwa sukari na sabuni, akaketi kando ya kitanda, na hakusema neno la maana. Alijiambia atasema mtoto akipona. Mtoto alipopona alijiambia atasema akikua. Raheli alipokua, alikuwa ameshahama.

Siku ya pili asubuhi Devotha alipanda basi la kushuka Same. Lilipita Gonja, likapita Kisiwani, milima ikiwa mkono wa kushoto muda wote, kama shahidi asiyeulizwa. Alikuwa ameambiwa kwamba Raheli anafanya biashara nyuma ya soko la Same. Hakuuliza biashara gani.

Ilikuwa biashara ya mkaa. Kibanda cha mabati, magunia matano, vumbi jeusi hadi kwenye kope. Raheli alikuwa amekaa kwenye kigoda, mguu mmoja ameunyoosha, akipanga mkaa kwenye makopo. Alipoinua uso alimtambua papo hapo.

"Shikamoo, mwalimu." Alijaribu kuinuka.

"Marahaba. Kaa, mwanangu, usiinuke."

Raheli alimpangusia ndoo kwa kanga yake, akaigeuza iwe kiti. Aliuliza habari za nyumbani, za mvua, za tangawizi. Alifurahi kweli, na furaha yake ilimuumiza Devotha kuliko ambavyo chuki ingemuumiza. Njia nzima alikuwa amejiandaa kutukanwa.

"Unatazama hivi vitu," Raheli alisema, akionyesha magunia. "Najua ungependa kunikuta na kazi nyingine. Lakini mguu huu haulimi, mwalimu, wala haubebi ndizi. Mkaa mtu anauza akiwa amekaa." Alicheka kidogo. "Na sasa wanasema mkaa nao unaondoka. Sawa tu. Nikiangalia kule mlimani naona wana haki. Sijui nitauza nini."

"Raheli, nimekuja kwa ajili ya huo mguu."

"Aa, mguu umeshazoeleka. Wanangu nawaambia kila siku: mnaona mchezo ulivyonifanya? Sikilizeni wakubwa. Mimi nilicheza korongoni."

Devotha alihisi kama ndoo imeondolewa chini yake.

"Ulicheza?"

"Si ndivyo ilivyokuwa? Nilipoamka hospitalini kila mtu alisema nilikuwa nacheza. Mimi nakumbuka mvua tu, na majani. Baba aliniletea ile karatasi ya shule akanisomea. Alikuwa na hasira. Alisema mchezo umemharibia mtoto." Alipukuta vumbi kwenye kiganja. "Baba hakunisemesha vizuri tena mpaka anakufa. Lakini nilimwelewa. Alikuwa ameuza ng'ombe kwa ajili ya matibabu."

Mteja mmoja alifika, akapimiwa makopo matatu, akaondoka. Katika muda huo mfupi Devotha aliiona njia ya kutokea. Mwanamke huyu alikwisha kufanya amani na uongo. Aliujengea nyumba, akalea watoto ndani yake. Ukweli ungeleta nini, kama si kuibomoa nyumba hiyo ili yeye, Devotha, apate usingizi? Alikaribia kuaga. Kisha akamfikiria Mzee Sifael, akisoma karatasi ile kwa kidole, neno kwa neno, na chini kabisa sahihi yake nzuri ya kialimu.

"Hukuwa unacheza," alisema. "Nilikutuma mimi. Uliniuliza swali darasani nikaona aibu mbele ya mkaguzi, nikakuadhibu ulete mizigo miwili. Karatasi ile nilitia sahihi nikijua ni uongo."

Raheli alichukua kipande cha mkaa, akakiweka ndani ya kopo, akakitoa, akakiweka tena.

"Swali gani?" aliuliza mwishowe.

"Uliuliza, kama kuni zinajirudisha, mbona maji hayajarudi."

"Silikumbuki." Alitikisa kichwa polepole. "Kweli silikumbuki, mwalimu. Nilikuwa mtoto wa kuuliza maswali, mimi?"

"Ulikuwa."

Sokoni mtu alikuwa ananadi nguo kwa kipaza sauti. Hatimaye Raheli aliuliza, macho yake yakiwa chini: "Kwa hiyo baba alikufa akijua nilicheza?"

"Ndiyo."

"Basi." Aliinuka, safari hii Devotha hakuthubutu kumzuia, akaenda nyuma ya magunia akakaa huko kwa muda. Aliporudi alikuwa amenawa uso, na michirizi ya maji myeusi ilikuwa imeshuka shingoni. "Mama yuko hai. Nenda ukamwambie yeye. Mimi usinidai jibu leo, mwalimu."

"Sikudai, mwanangu."

"Basi lako la mwisho ni saa nane."

Ijumaa asubuhi Devotha alimpigia simu Erasmo. Alimwambia jiko liwashwe na Mama Agatha, mpishi, ambaye macho yake yalikwisha kwa moshi wa shule ile. Erasmo alibembeleza, akauliza kama anaumwa. "Siumwi," Devotha alijibu. "Na somo lile usinisubiri nilifundishe. Wafundishe wewe, ila kuni usiziandike upande wowote kabla hujawauliza watoto wanachokiona mlimani." Kisha akachukua njia ya juu, ile inayopita nje ya shule.

Nyumba ya Bibi Dorkas, mama yake Raheli, ilikuwa ya mwisho kabla ya vichaka. Alimkuta jikoni, ameinamia mafiga. Walisalimiana, Devotha akiamkia kwanza. Akapewa kigoda, akapewa chai. Hakuinywa. Alisema yote kwa sauti moja, bila kujitetea, kuanzia mkaguzi hadi sahihi.

Bibi Dorkas alisikiliza huku akisukuma kuni ndani taratibu. Alipomaliza kusikiliza, alifuta macho, na haikujulikana kama ni kwa moshi.

"Nilijua," alisema.

Devotha aliinua uso.

"Asubuhi ile aliniomba kamba mbili. Nikamuuliza za nini, akasema mwalimu ametaka mizigo miwili. Mtoto anayekwenda kucheza haombi kamba mbili."

"Na hukusema?"

"Kwa nani? Ilikuja karatasi yenye muhuri. Mume wangu alisema mwalimu hawezi kuandika uongo. Na nilikuwa na wengine watatu shuleni kwenu, bado wadogo. Nikanyamaza. Nilisema nitamwambia mwenyewe akikua." Alitazama mikono yake. "Akakua. Nikaona ameshaamini, nikaogopa kumwamsha. Baba yake akafa. Kila mwaka ulikuwa unaufanya mdomo wangu uwe mzito zaidi."

Kutoka bondeni zilipanda sauti za watoto wakiimba, kisha makofi. Jiko lilikuwa limewashwa. Wanawake wawili walisikiliza bila kutazamana, na Devotha alielewa kwamba kwa miaka ishirini na sita hakuwa peke yake kwenye kimya kile, na kwamba kujua hivyo hakukumpunguzia chochote.

"Yeye umeshamwambia?" aliuliza bibi.

"Juzi."

"Alisema nini?"

"Aliuliza kuhusu baba yake."

Bibi Dorkas alivuta kuni mbili nje ya mafiga, akazizima kwenye majivu. Kisha akajifuta mikono kwenye kanga, kila kidole kwa zamu yake, akamnyooshea Devotha simu yake.

"Nipigie Raheli," alisema. "Mimi sioni namba."

Devotha aliitafuta namba, akabonyeza, akamrudishia simu. Bibi aliishika kwa mikono yote miwili, kama inavyoshikwa bakuli lililojaa. Iliita kwa muda mrefu. Kisha sauti ikasikika upande wa pili, ndogo, na kelele za soko nyuma yake.

"Raheli," alisema bibi. "Ni mimi, mama yako."

Midomo yake iliendelea kutikisika, lakini neno halikuja. Upande wa pili nao ulikuwa umenyamaza, lakini simu haikukatwa. Devotha aliinuka taratibu, akatoka nje, akaurudisha mlango nyuma yake.