Nusu Saa ya Chumba cha Kufulia

Walipokuwa sita kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, kazi ilikuwa nzito lakini haikukosa kicheko. Hospitali ilipopunguza wafanyakazi, wakabaki watatu: Kobe, mzee wa kupakia mashine, binti mmoja mkimya wa kukunja, na yeye, Mama Shuka, aliyesimama kwenye pasi kubwa ya mvuke. Watu walipungua, shuka hazikupungua hata moja.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mwezi uleule mumewe aliachishwa udereva, na mama mkwe akateleza bafuni akavunjika nyonga. Mama Shuka alidamka, akamwogesha mkwe, akapika, akawaandaa watoto, ndipo akakimbilia kazini. Jioni alianza upya. Mume alishinda amelala, uso ukutani. Hakumlaumu. Alijua aibu imemkata miguu, basi akajitwika na mzigo wake.

Jumanne moja mchana, macho yakiwa wazi lakini akili haipo, aliweka mkono palipotakiwa kuwekwa shuka. Kobe, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, alikimbia siku hiyo, akabonyeza kitufe chekundu cha kuzima.

Muuguzi aliyemfunga bandeji alimuuliza, "Dada, mara ya mwisho umekula lini?"

Mama Shuka akafikiri. "Leo ni siku gani?"

Muuguzi alicheka, kisha akaona kwamba hataniwi. "Angalia," akasema taratibu, "usije ukaletwa hapa ndani ya hizo shuka."

Akapewa siku tatu za kupumzika. Asubuhi ya kwanza aliketi kwenye ukingo wa kitanda.

"Baba watoto, mama anasubiri kuogeshwa."

"Nitamwita dada yangu."

"Wifi yuko mwendo wa siku nzima. Wewe uko hatua tano."

"Mimi mwanamume, nitamwogeshaje mama yangu?"

Sauti ikatoka chumba cha pili, kavu kama kuni. "Mikono hiyo niliizaa mimi! Niilete duniani, niioshe miaka yote, leo inionee haya? Mgongo na miguu ni kazi yako. Kwingine bado nafika mwenyewe."

Mume akainuka. Mama Shuka akasikia ndoo ikiburutwa, kisha mkwe akilalamika kwamba maji ni ya moto, kisha kwamba ni ya baridi. Alitaka kwenda. Kila kiungo chake kilimwambia nenda, utafanya haraka zaidi. Akakaza moyo, akabaki pale pale. Baadaye alimsikia mumewe akilia, kilio cha chinichini kilichokuwa kimekwama tangu siku ya barua ya kuachishwa. Na mkwe akisema, "Lia, baba, lakini usiache kusugua."

Aliporudi kazini, ilipofika saa saba alizima pasi, akavuta viti vitatu.

"Tumefukuzwa?" Kobe akauliza.

"Tunakula."

Hawajamaliza hata nusu ya sahani, msimamizi akaingia. "Wodi zinasubiri shuka!"

"Zitasubiri nusu saa, bosi. Mimi niliungua kwa kutosubiri."

"Unajua ni wangapi wanaitaka nafasi yako?"

Mshahara wake ndio pekee uliokuwa ukiingia nyumbani. Lakini hakusimama. "Najua. Na wao pia wana matumbo."

Kobe akaacha kutafuna. Msimamizi akautazama mkono uliofungwa, akatazama pasi, akatazama viti.

"Nusu saa," akasema. "Dakika moja ikizidi, naandika barua."

Haikuzidi. Kobe alizoea kumaliza kula kwa dakika kumi, akasinzia zilizobaki, mdomo wazi. Yule binti mkimya, kumbe alikuwa na maneno tele, ila hajawahi kupata mahali pa kuyaweka. Alimwiga msimamizi hadi Mama Shuka akapaliwa na maji.

Wale watatu waliopunguzwa hawakurudishwa. Mume hakupata kazi ya kudumu. Alipata vibarua vya kuendesha gari la mizigo, siku mbili tatu kwa wiki. Lakini asubuhi za mama yake zikawa zake, hakuna aliyemkumbusha tena. Zipo jioni ambazo Mama Shuka alifika nyumbani hoi, akagombana na watoto, akajuta. Kesho yake saa saba alizima pasi vilevile.

Ijumaa moja msimamizi alimkuta akivaa viatu vya kuondokea. "Jumapili nitakuhitaji, mama. Kutwa nzima."

"Jumapili ni siku yangu ya mapumziko. Sipo."

"Una msiba?"

"Sina."

"Harusi?"

"Sina pia. Nina usingizi."

Akafunga kamba za viatu, akaaga kwa heshima zote, akaondoka. Na Jumapili akalala kweli, hadi jua likapanda, na waliokuwa nyumbani wakatembea kwa ncha za vidole.