Zawadi Iliyomtapisha Mkaidi

Mama mkwe wangu huuliza kwa muuzaji huyu, hununua kwa yule. Wasiomjua humwita mjanja. Mimi ninayeishi naye naomba subira tu. Ndivyo alivyotuletea ule mmea wa chunguni, majani yake magumu yenye ncha kali, mbegu nyekundu katikati, akauweka sebuleni kando ya kiti cha baba mkwe.

"Nimeuliza," alisema kabla sijafungua mdomo. "Mtende wa mapambo haumdhuru mbwa."

Mbwa mwenyewe ni Mkaidi. Tangu apigwe na kiharusi, baba mkwe hainuki kwa ajili ya mtu, awe daktari, awe mkewe. Lakini Mkaidi akileta mkanda wake mdomoni, mzee hushika fimbo wakaenda wote hadi kona ya mtaa. Mbwa huyo akifa, baba ndiyo basi tena. Nyumba nzima tunalijua hilo.

Jumamosi asubuhi nilimkuta Mkaidi akitapika vipande vya jani na ganda la mbegu nyekundu. Kufika mchana akanywa maji, akatikisa mkia.

"Si unaona? Amepona," mama mkwe akasema. "Mbwa hula majani kusafisha tumbo."

"Nampeleka hospitali, mama."

"Na gauni la bibi harusi?"

Gauni la mteja wangu lilikuwa kwenye cherehani, halina pindo, na mwenyewe angelifuata jioni. Nililiacha. Nilikata jani, nikalifunga kwenye gazeti, nikambeba Mkaidi. Dereva wa kwanza wa pikipiki alikataa mbwa. Pikipiki ya wa pili niliipanda kabla hajapata nafasi ya kukataa.

Daktari wa mifugo alipoliona jani aliweka kikombe chake chini.

"Huu si mtende. Inafanana sura tu, udugu haina. Mtende wa kweli hata mbwa autafune, haumpi sumu. Huu una sumu kila mahali, na mbegu ndiyo kabisa. Mbwa hutapika, hupata nafuu, watu wakashukuru Mungu, kumbe ini linaharibika." Akamtundikia dripu. "Umewahi. Lakini siahidi kitu."

Nilimwacha Mkaidi kwake, nikarudi nyumbani nimefura. Nikavaa glovu, nikaanza kuburuta chungu. Mama mkwe akasimama mlangoni.

"Mimi niliuliza!"

"Uliuliza ukiwa mbele ya mmea upi, mama?"

Akafikiri. Sauti ikashuka. "Wa yule wa kwanza. Huu nilichukua kwa jirani yake, ulikuwa umependeza zaidi."

"Basi mmea huu unatoka leo hii."

"Unatupa zawadi yangu kwa sababu ya mbwa?"

"Naitupa kwa sababu ya miguu ya baba!"

Nilipaza sauti, na sijutii. Nyuma yangu fimbo iligonga sakafu. Baba mkwe alikuwa ameinuka peke yake, anatetemeka, shati limetoka nje ya suruali.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Kwa daktari, baba. Yuko hai."

Mama mkwe akamkimbilia. "Ngoja nikushike, mume wangu."

"Wewe shika chungu," akasema, mguu mmoja tayari kizingitini. "Kwa Mkaidi nitafika mwenyewe."