Duara la Wifi

Meli yetu ya doria imerudi yadi ya jeshi kukatwakatwa iwe chuma chakavu. Nami, mstaafu mzima, nimeibuka na kofia yangu ya kazi kuomba kipande kimoja tu: kipande cha ubavu wa chumba cha injini, nyuma ya bomba la moshi. Kina duara la wifi yangu.

Enzi zetu tuliamua kwa chaki. Mimi nilikuwa mkuu wa mafundi chuma. Wifi, mke wa kaka yangu, mkuu wa mabomba. Bomba likigonga ubavu wa meli, yaani njia yake ikizibwa na chuma changu, nilimwita, naye alikuja ananichokoza.

"Mbavu zako zina tabia za ukoo wenu. Hazimpishi mtu!"

Tulibishana, tukapima, tukakubaliana. Yeye alichora duara kama saini yake, mimi pembetatu, kisha fundi wa kuchomelea akapitisha moto juu ya alama zote mbili ili kesho asitokee mtu wa kukana. Chai ilikuwa haijapoa na kazi imeshasonga. Raha gani ile!

Halafu wakaja wakubwa wapya na muundo wao. Mabomba idara yao, chuma idara yetu, na kila mtu akawekewa mpaka wa kuamua. Kugusa ubavu kukawa kazi ya kamati, na kamati yenyewe ilikaa ilipojisikia. Wifi wakampandisha ghorofani, wakampa kiti cha kuzunguka.

"Peleka juu," alinijibu kila nilipomuuliza jambo.

"Juu si ndiyo wewe?"

"Juu yangu kuna juu nyingine, wifi."

Alicheka. Mimi nilikuwa nachemka.

Ndipo bomba la moshi la meli hii likagonga ubavu. Ilitakiwa kutoboa tundu na kuongeza bati la kuutia nguvu, kazi tuliyoizoea. Nikapeleka juu. Kamati haikukaa. Bamvua lilikuwa linakaribia, na bila maji makubwa yale meli isingeshuka baharini. Isiposhuka, kazi ya kujenga meli ya pili wangepewa wa yadi nyingine, na mafundi wangu wote wangekwenda na maji. Nilipanda ghorofani nikafoka hadi nikatolewa nje.

Kesho yake wifi akashuka ngazi na viatu vyake vya ofisini. Akaingia chumba cha injini, akapima, akarudia kupima, akachora duara. Nilipotoa chaki yangu, akanidaka mkono.

"Acha. Wakija kuuliza, wamkute mmoja. Tukifukuzwa wote, ya pili ataijenga nani?"

Fundi akapitisha moto juu ya duara peke yake, tundu likatobolewa, meli ikashuka. Ya pili tukapewa. Wifi akaachishwa kazi kwa kuvuka mpaka wake. Niliijenga ile ya pili bila yeye, na kila bomba lilipogonga ubavu niligeuka kumwita, nikakumbuka. Nikienda kwao alikuwa akinipokea mlangoni na swali lilelile: "Haya, juu wamesemaje?" Mwaka huu tumemzika.

Leo, ndani ya chumba cha injini, mhandisi msimamizi wa ukataji amenisikiliza kwa adabu zote.

"Mama, hilo siwezi kukuamulia. Itabidi nipeleke juu."

"Na lori linaloondoka leo na chuma hiki kwenda kwenye tanuri, litasubiri?"

"Ndiyo hivyo, mama. Wakiniuliza nani kaamua, nitasema nini?"

Mdomo wangu unajulikana, lakini sikumfokea. Alikuwa na uso wa mtu anayetaka kusaidia na anaogopa. Nikafungua mkoba. Chaki ilikuwemo, mkoba wangu haujawahi kukosa chaki. Nikainama kwenye ubavu, nikalipangusa masizi duara la wifi, na pembeni yake, mahali palipobaki patupu miaka yote, nikachora pembetatu yangu.

"Waambie ni mimi," nikasema. "Kata."

Akaitazama alama, akanitazama mimi. Kisha akashusha miwani yake, akawasha gesi ya kukatia.