Maji Matamu ya Masika

Siku hiyo Semboja hakuwa na raha hata kidogo. Asubuhi alikutana njiani na Bi. Nasra, mama wa bustani za miche, ambaye yeye Semboja alimuuzia kiwanja juzi, na mama wa watu akamshukuru mpaka Semboja akaona haya. Kabla ya kutia saini mama huyo aliuliza jambo moja tu: kisima cha kiwanjani kina maji matamu? Semboja hakujibu, alichota kikombe akampa anywe. Ilikuwa masika, na masika maji yale ni matamu kweli. Kiangazi chumvi yake huua hata mchicha. "Mimi sikusema uongo," alijiambia alasiri, akajilaza ndani, usingizi ukamchukua.

Akajiona katika nchi isiyo na jua wala kivuli, ambako maneno yalizurura barabarani kama mbuzi, kila neno likimtafuta aliyelitoa. Mwanamke mrefu, mpole wa uso, akamshika mkono. "Naitwa Insafu, mpima haki kati ya watu," alisema. "Twende, mwanangu, ukawaone watoto watatu wa Kauli Potofu. Mama yao humweleza mtu jambo lisilo kweli, mtu akaliamini, akaingia mkataba kwa ajili yake. Anayesifia tu kwamba kiwanja chake kizuri hayumo katika ukoo huu."

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Hila, aliyeujua ukweli akadanganya makusudi. Alivaa vizuri, akicheka na kila mpita njia. Ya pili ilikuwa ya Uzembe, aliyepiga miayo kizingitini, kwani alisema bila kujisumbua kuhakikisha. Katika ya tatu, Nia Safi alikuwa akilia. Alisema alichokiamini, tena kwa sababu ya maana, kumbe si kweli.

"Aliyepotoshwa na yeyote kati yao aweza kuutengua mkataba," Insafu alisema, "maadamu vitu vyaweza kurudi kwa wenyewe, na mtu mwingine asiyejua hajavinunua."

Semboja akakimbilia mlango wa Nia Safi. Ulikuwa umefungwa.

"Mama, mimi sikufungua kinywa!"

"Kikombe ulimpa wewe," alijibu Insafu kwa huzuni, "na habari za kiangazi ulikuwa nazo."

Hila akatoka mikono wazi. "Karibu nyumbani, kaka! Chumba chako tumeshakifagia."

Semboja akazinduka, jasho likimtiririka. Sasa alijua mlango wake ni upi, na kwamba juzi na jana angeweza kusema, asiseme. Alikwenda mbio hadi kwa Bi. Nasra, akamkuta anajaza udongo kwenye viriba vya miche.

"Dada, tuutengue ule mkataba. Kiangazi maji yale ni chumvi tupu. Nilijua."

Bi. Nasra aliweka kiriba chini.

"Jana nimemuuzia wifi yangu nusu ya kiwanja," alisema. "Ameuza mbuzi wake wote ili anilipe. Aliniuliza habari ya maji, kaka Semboja. Nikamwapia kuwa ni matamu."