Alichoambiwa Farasi

Baba yake alimbandika jina la Cherehani kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, tangu anapoamka mpaka anapopitiwa na usingizi. Sasa ulikuwa mwezi wa nne mtoto huyo hajatoa hata neno moja, na mama yake, mkata tiketi wa kampuni ya mabasi, maji yalikuwa yamemfika shingoni.

Kosa lilikuwa la watu wazima, kama kawaida yao. Baba alianguka kiwandani akafa papo hapo. Shangazi akakata shauri kabla mtu mwingine hajafumbua kinywa: "Mtoto wa miaka saba anajua nini kuhusu kifo? Mwambieni baba kasafiri." Wakampeleka kwa jirani, wakazika, wakafua mashuka, wakamrudisha nyumbani. Haukupita muda, Cherehani akaenda mpaka kwenye dirisha la tiketi la mama yake, akasimama mbele ya abiria wote, akauliza, "Baba alipanda basi gani?" Mama akajifanya anatafuta kalamu, kisha akasema, "La asubuhi." Kuanzia hapo mtoto akafunga mdomo.

Daktari wa watoto ndiye aliyewaelekeza kwenye mazizi ya farasi nje ya mji, wanakotibiwa watoto wasiosema na watu wazima wasiolala. Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu.

"Daktari kashindwa, punda ndiye atamweza?"

"Ni farasi, wifi."

"Basi punda aliyekwenda shule."

Farasi mwenyewe walimwita Mheshimiwa, kwa mwendo wake wa polepole na kupenda kuhudumiwa. Cherehani alipewa brashi, akafundishwa kuanzia shingoni. Mwanzoni alimgusa kwa ncha za vidole tu. Baadaye akawa anamwegemea mwili mzima, anapumua kwa kufuata pumzi za farasi, na nyumbani akaacha kukojoa kitandani. Mama alishukuru, lakini tuseme ukweli, alimwonea wivu yule mnyama. Mwenzake anakumbatiwa, yeye hata kutazamwa hatazamwi.

Siku moja mwalimu wa farasi akamwita naye aingie uani. Mama akajichangamsha, akavaa lile tabasamu lake la abiria, akanyoosha mkono. Mheshimiwa akalaza masikio, akarudi nyuma.

"Nimemkosea nini?"

"Hujamkosea, mama. Unacheka usoni, mwili umekakamaa. Yeye akiona hivyo anadhani kuna hatari unayoificha. Kama una huzuni, ingia nayo tu."

"Mimi sina huzuni," mama akajibu haraka, kwa mazoea.

Mheshimiwa akasogea mbali zaidi. Cherehani akaacha kupiga brashi, akamkazia mama yake macho, na macho yale hayakuwa ya mtoto.

Mama angeweza kusingizia zamu akaondoka. Lakini alikaa vumbini na sketi yake ya kazini, akalia kwa sauti. Msibani hakulia hivyo, maana kulikuwa na wageni wa kupokea. Farasi hakukimbia. Alisimama palepale, akainamisha kichwa.

"Baba hajasafiri," mama akasema. "Alikufa, mwanangu. Lile basi la asubuhi nilikudanganya. Niliogopa."

Cherehani hakushtuka. Sauti ilipomtoka ilikuwa nzito, ya kukwaruza, kama ya mtu aliyetoka usingizini.

"Najua. Huyu nilishamwambia zamani."

Mama akafumba macho. Kumbe mtoto alikuwa akisema siku zote, ila si kwake.

"Mama."

"Naam, mwanangu."

"Mlimzika bila mimi."

Usiku na mchana alikuwa ameomba aisikie tena sauti hiyo. Uongo mwingine ulimjia mdomoni, akaumeza.

"Ndiyo," akasema.

Cherehani akageuka, akaficha uso kwenye ubavu wa farasi, akalia huko. Mama akabaki chini vumbini, hajui kama anaruhusiwa kusogea.