Shangazi Twaiba na Halwa ya Munje

Kwa maneno ya Bi Mwanapili, jirani yetu hapa Msambweni, shangazi yangu Twaiba aliliangukia sufuria la pilau kwenye harusi aliyoipikia kijijini Munje, akatokwa na jasho la mauti, hata wanawake wakaanza kumsomea Yasini. Ugonjwa umerudi, alisema. Mtu aliyekatwa tumbo kwa saratani, kisha mshono ukavuja ndani akajaa usaha, huyo havuki.

Mimi nilikuwapo. Shangazi hakuangukia sufuria wala hakusomewa kitu. Alikaa chini kivulini, jasho likimtoka kweli, akaniambia moyo unamwenda mbio. Baada ya kitambo akainuka, akapakua.

Lakini maneno yalikwisha kutembea. Shangazi ni mpishi wa harusi, na mpishi huwekwa mapema. Nani atamweka mtu anayesemwa kuwa anakufa? Wiki ile watu wawili walituma salamu kwamba wamepata mpishi mwingine. Shangazi aliacha kuyasugua masufuria yake. Hilo ndilo lililonitisha. Hata alipotoka hospitalini, amekonda kama ufito, kitu cha kwanza aliuliza masufuria yako wapi.

Tena nusu ya maneno ya Bi Mwanapili ilikuwa kweli. Shangazi alitolewa tumbo lote, yaani ule mfuko wa chakula, utumbo ukaunganishwa na njia ya chakula, na pale palipounganishwa pakavuja. Alilala wodini muda mrefu, na zile dripu za kuua mabaki ya saratani zikachelewa.

Basi tukaenda Mombasa kwa Daktari Damaris. Akampima damu, akampiga picha, na majibu yakatoka safi. Shangazi alikuwa akitazama dirishani, kwa hiyo niliuliza mimi: ni kweli waliovuja mshono hawavuki?

Hakunificha. "Wengi wao hawafiki mbali kama waliopona vizuri," alisema. "Mwili huchoka, na dawa huchelewa. Lakini ugonjwa huu ukirudi, mara nyingi hurudi miaka ya mwanzo, na mama huyu yuko mwaka wa nne tangu apasuliwe. Siwezi kukuapia. Leo siuoni."

Kisha akauliza siku ile ya harusi shangazi alikula nini. Shangazi akanitazama mimi, nami nikasema. Mama wa bibi harusi alimlisha halwa kwa mkono wake, na chai ya sukari nyingi juu yake. Mkono wa mwenye harusi ukishafika mdomoni, utaukataaje? Ulifika mara tatu.

Daktari akacheka. Akatueleza kuwa asiye na tumbo, sukari humshukia utumboni yote kwa pamoja, moyo ukakimbia na jasho likamwagika. "Mama, kilichokukalisha chini ni halwa."

"Ilikuwa nzuri," shangazi akasema.

Tuliporudi, habari niliipeleka kwa mtu mmoja tu, Bi Mwanapili mwenyewe, nikamsihi sana asimwambie mtu. Kufika magharibi, hata muuza samaki alikuwa akitupa hongera. Asubuhi nikaamshwa na mlio wa masufuria uani, shangazi akiyasugua kwa mchanga huku akiimba.

Alhamisi Bi Mwanapili akapiga hodi. Tulikuwa tunakula, shangazi hula kidogo kidogo, mara sita kwa siku, na mbele yake palikuwa na wali wa kiganja kimoja na kipande cha samaki changu. Mgeni akasalimu, akauliza hali za wote, akasifu masufuria yalivyong'aa. Mwisho akalisema lililomleta.

"Dada Twaiba, Yusra wangu anaolewa mwakani, baada ya Maulidi. Sitaki mkono mwingine ila wako. Utanipikia?"

Shangazi akatia tonge mdomoni. Daktari amemkataza kumeza mpaka chakula kilainike kabisa, na siku nyingi husahau. Siku hiyo hakusahau. Alitafuna taratibu, akimtazama jirani yetu kwa upole, nami nikamsogezea Bi Mwanapili kigoda, akae angoje.