Maji Yasiyotikisika

Ugonjwa ulipomwangusha dereva ulimchukulia mkono wa kulia, mguu wa kulia na maneno yote isipokuwa moja. Lililobaki ni "ndiyo". Akitaka maji, ndiyo. Akiwa hayataki, ndiyo. Akiumwa, akifurahi, akimtukana mtu kimoyomoyo, kinachotoka ni ndiyo ileile. Daktari alimweleza dada yake kwamba akili haikuguswa, ni maneno tu yaliyokwama njiani, na dada akajifunza kumsoma. Macho yakitulia, ndiyo ni ndiyo. Akiyakaza na kuinua kidole cha mkono mzima, ndiyo ni hapana. Katika hilo hawakuwahi kukosana hata siku moja.

Namwita dereva kwa sababu ndiye aliyekuwa dereva. Ujana wake wote uliishia kwenye injini za mvuke, na alipostaafu akajiundia ya kwake. Kimo chake hakimfikii mtu kiunoni, lakini si kitu cha kuchezea: inakula makaa ya mawe, inakunywa maji, inavuta mabehewa yenye watu wazima waliokaa kama wapanda baiskeli. Aliijenga uani kwa dada yake, maana kwake hapakuwa na nafasi. Reli ilizunguka bustani, ikapita nyuma ya jiko, chini ya kamba ya nguo, ikarudi bandani. Alipougua wakamhamishia hapo hapo, katika chumba kilichopakana na banda la injini.

Mume wa dada, yaani shemeji yake, naye alifanya kazi reli. Alikata tiketi dirishani. Si aibu kukata tiketi, lakini mwenyewe aliona aibu, na tangu ulimi wa dereva ulipofungwa, bwana huyu alijipandisha cheo. Jumapili wageni wakija, huvaa ovaroli ya dereva, ile yenyewe, iliyopunguzwa miguu na mkewe, akasimulia alivyowahi kushuka mlima na mabehewa ya mizigo huku breki zimekataa. Kisa ni cha dereva, neno kwa neno, kimetiwa chumvi kidogo tu. Akimaliza humgeukia mwenye kisa.

"Si ndivyo, shemeji?"

"Ndiyo," dereva husema, na wageni hufurahi.

Angeweza kugoma kutoka chumbani siku hizo. Hakugoma kwa ajili ya kitu kimoja, nacho ni behewa la kwanza. Dada alilipigania hilo mapema, kwamba kaka yake atapanda kila Jumapili, nyuma ya mgongo wa shemeji, mahali anapoweza kukiona kioo cha maji, kile kinachoonyesha maji yaliyobaki ndani ya boila, na kuisikia boila ikihema. Hapo ndipo roho yake ilipobaki. Shemeji hakupenda. Alikuwa amekwisha kusema kwamba nje ya mji ipo nyumba ya kutunzia wagonjwa, safi, ina manesi wake, na siku mzee huyu atakapoleta balaa kwenye injini ndiyo siku atakayofungasha. Dada alijibu kwamba kaka yake haleti balaa.

Jumapili hiyo mgeni mkuu alikuwa mwenyekiti wa chama cha watu wenye reli za bustani. Alikuja kuangalia kama shemeji anafaa kuwa mwanachama. Basi tangu asubuhi shemeji alikuwa akisugua shaba. Dereva, mlangoni pa chumba chake, aliona mgongo wa ovaroli tu, akasikia kitambaa kikienda na kurudi. Kisha shemeji akamwita mkewe aje aone.

"Zilikuwa zimekaa ovyo. Sasa zimekaa sare."

Dada aliinama, akatazama, akasema kweli zimependeza, akarudi jikoni. Dereva hakujua kinachosifiwa ni nini. Alidhani ni vifungo.

Moto ukawashwa, mvuke ukapanda, wageni wakapanda mabehewa. Mwenyekiti alikaa behewa la pili, mara tu nyuma ya dereva. Mzunguko wa kwanza ulikwenda vizuri, na shemeji aligeuka kuwaonyesha kioo: kimejaa robo tatu, injini imeshiba, haina haja ya kuongezewa maji. Dereva naye akatazama. Behewa lilikuwa likitikisika kwenye kila kiungo cha reli, ila maji kiooni yametulia kama chai iliyosahauliwa mezani. Maji yaliyo hai hupanda na kushuka. Haya yalikuwa yamefungiwa.

Ndipo alipoziona koki za kile kioo, zinazoyapitisha maji kati yake na boila. Ya juu na ya chini, ambazo zikiwa wazi vishikio vyake hutazama chini, zilikuwa zimelazwa mstari mmoja na ile ya kumwagia maji nje. Zote zimefungwa, sare. Kioo kilikuwa kikionyesha maji ya asubuhi, na ndani ya boila hakuna ajuaye yamebaki kiasi gani.

Woga ulimshika. Aligonga ubao wa behewa kwa fimbo, mapigo mafupi mafupi yasiyokatika, ishara ya hatari ambayo kila aliyewahi kushika injini huijua. Dirishani pa tiketi hawaifundishi. Mgeni mmoja alisema mzee anajua kupiga ngoma, na wenzake wakacheka. Basi dereva akapitisha mkono wa kushoto chini ya kwapa la shemeji, akapeleka vidole kwenye koki ya chini, aifungue, ukweli uonekane.

Shemeji alimchapa mkono kofi lililosikika hadi behewa la mwisho.

"Acha kuchezea, mzee."

"Ndiyo," dereva akasema, macho ameyakaza, kidole juu. "Ndiyo, ndiyo, ndiyo." Walikuwa wanapita nyuma ya jiko. Dada alikuwa amesimama mlangoni na sinia la glasi, akakiona kile kidole. Shemeji akaongeza mvuke.

Juu ya tanuru la injini kuna kizibo cha madini ya risasi. Maji yakikiacha, huyeyuka, mvuke ukamwagika motoni kabla boila haijapasuka. Kiliyeyuka. Mlango wa tanuru uliruka, makaa mekundu na mvuke vikatua mapajani kwa shemeji. Alipiga yowe. Wageni walimkimbilia, wakamwagia maji, wakamvuta kwenye nyasi. Dereva alikuwa ameanguka upande wa pili, amelalia mkono wake uliokufa, na hakuna aliyemwinua.

Mwenyekiti ndiye aliyepiga goti kwenye injini. Paa la tanuru lilikuwa limebonyea, injini imekwisha. Kioo bado kilisema robo tatu. Akazigusa koki, akauliza nani alizifunga.

Shemeji alizitazama. Dereva aliona kabisa jinsi ilivyomwingia, uso ukimshuka polepole. Kisha shemeji akamtazama mkewe, akamtazama kwa muda.

"Nyote mlimwona," akasema. "Alipeleka mkono pale pale."

Wageni waliitikia kwamba ni kweli, walimwona. Mwenyekiti akauliza kama mzee anaweza kujieleza. Shemeji akasema aulizwe dada yake, ndiye anayemwelewa.

Dada akaja, akapiga magoti nyasini. Moyo wa dereva ukatulia, maana katika watu wote aliyeletwa ni huyu, aliyeinama asubuhi na kuziona koki kwa macho yake. Alimkazia macho. Akainua kidole. Dada alimtazama mumewe, ngozi ya paja iliyobambuka ikionekana kupitia tundu la ovaroli. Akawatazama wageni. Halafu akainamisha uso, akauliza huku anatazama nyasi.

"Kaka, ni wewe uliyezifunga?"

Dereva alifunga mdomo. Alielewa kinachotakiwa, akauma meno, akatafuta ndani yake neno jingine, lolote lile, hata tusi. Dada akakishika kile kidole kilichosimama, taratibu, akakikunja ndani ya kiganja chake, kama mtu anayemshika mgonjwa mkono.

"Ni wewe, kaka?"

"Ndiyo," akasema.

"Mmesikia," dada akawaambia wageni, akanyanyuka kwenda kumfungashia nguo.